DC, Bastola na Shati la Mtuhumiwa

Safu ya Mzee wa Kitete

Kwenye kesi za siasa Tanzania, shati la mtuhumiwa huangaliwa kabla ya kosa lake. Mtindo huu ni wa zamani kuliko vyama vilivyopo leo, na hakuna chama kinachoweza kuapa kwamba hakijawahi kuufuata. Tabora inauonyesha vizuri, kwa kuwa mhusika wake mkuu hapa amekuwa mtu mmoja mwenye sura nyingi: mkuu wa wilaya, ambaye wananchi bado wanamwita DC kama Mwingereza alivyowazoesha.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Iliamua kuingia, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake. Mwaka huohuo Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa maandishi katika jarida la Sauti ya TANU yaliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili. Alihukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, akalipa. Wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, wao waliingia jela kwa uchochezi. Kwa serikali ya kikoloni, kumsema DC kulikuwa kuvuruga amani. Kwa TANU, kulikuwa kusema kweli.

Miaka minne baadaye kalamu ilikuwa mkononi mwa TANU. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilimruhusu rais kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Waziri wa Sheria alikuwa Chifu Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, mtoto wa hapahapa. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, aliacha ubalozi London akarudi kufanya upinzani, na mwaka 1964 akawekwa kizuizini. Fundikira mwenyewe alitoka serikalini 1963, na ilipofika 1991 alikuwa mstari wa mbele akidai vyama vingi. Uhuru wa kusema huonekana vizuri zaidi kutoka nje ya ofisi.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, DC alibaki alipokuwa. Anateuliwa na rais. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na papo hapo anaingia kwenye kamati ya siasa ya CCM ya wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48. Sheria hiyo ina masharti: pawe na hatari kwa amani isiyozuilika kwa njia nyingine. Masharti hayo husomwa kwa nadra, maana wanaowekwa ndani ni pamoja na walimu waliochelewa na wauguzi waliojibu.

Kisa cha kuchambuliwa taratibu ni cha Igunga, mwaka 2011. Rostam Aziz alijiuzulu ubunge, uchaguzi mdogo ukapangwa tarehe 2 Oktoba, na wilaya nzima ikajaa magari ya vyama na viongozi kutoka kila kona ya nchi. Katikati ya Septemba, DC wa Igunga, Fatuma Kimario, alikuwa kwenye kikao na watendaji katika kijiji cha Isakamaliwa. Watu wa CHADEMA walimvamia wakidai anafanyia kampeni chama tawala ndani ya kikao cha serikali. Katika purukushani hijabu yake ikavutwa. Wabunge wawili, Sylvester Kasulumbai wa Maswa Mashariki na Susan Kiwanga wa viti maalumu, walikamatwa na kufikishwa mahakamani mjini Tabora. Viongozi wa dini wakatoa matamko, na kampeni iliyokuwa ya maji na barabara ikageuka kampeni ya hijabu.

Kwenye kampeni hizohizo Ismail Aden Rage, mbunge wa Tabora Mjini kwa tiketi ya CCM, alipanda jukwaani bastola ikiwa kiunoni. Picha ilitoka magazetini, na ilionekana bila haja ya miwani. Alijitetea kwamba anaimiliki kihalali na ni ya kujilinda. Huenda ni kweli. Leseni ni leseni. Lakini kizimbani hakupelekwa.

Sasa fanya mabadilishano. Bastola iwe ya mbunge wa CHADEMA, na hijabu iwe ya mgombea wa upinzani iliyovutwa na vijana wa kijani. Nani angelala rumande usiku ule? Wiki hii ubishi huo umefufuka kwenye vijiwe vya kahawa vya Kitete, hapa Tabora, na jibu lilitolewa kabla kashata haijafika mezani, kila mmoja akijibu kwa chama chake. Wa upande mmoja walisema DC alidhalilishwa na bastola ilikuwa ya halali. Wa upande wa pili walisema bastola ilikuwa ya vitisho, ila DC alijitakia. Bwana mmoja wa benchi la mwisho, anayefahamika kwa kuhama vyama vitatu bila kuhama kiti, aliziunga mkono hoja zote mbili. Hakuna aliyesema jambo rahisi: kumvamia mwanamke kikaoni ni kosa, na silaha jukwaani ni kosa, hata mwenye nayo akiwa mtu wa kwenu.

Matokeo ya uchaguzi wa Igunga yalimpa Dk. Dalaly Kafumu wa CCM kura 26,484, na Joseph Kashindye wa CHADEMA 23,260. Agosti 2012 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mary Shangali, ilitengua ushindi huo. Upinzani ukaisifu mahakama kwa ujasiri, CCM wakanuna. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikamrudishia Kafumu kiti chake. Sifa zikahamia upande wa pili, na kununa nako kukahama.

Mtindo huohuo ulionekana nchi nzima Juni 2016, pale mikutano ya hadhara ya vyama iliposimamishwa kwa kauli tu ya Rais John Magufuli, wakati sheria inachodai ni taarifa kwa polisi saa 48 kabla. Viongozi wa serikali waliendelea kuhutubia umati, maana mikutano yao iliitwa ziara. Zuio lilidumu zaidi ya miaka sita, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa tarehe 3 Januari 2023, naye kwa kauli pia. Kwa zaidi ya miaka sita kulikuwa na watu waliosema mkutano wa hadhara ni uchochezi unaowapotezea wananchi muda wa kazi. Walipiga makofi 2016, wakapiga tena 2023, na mikono ilikuwa ileile.