Mpiga picha za harusi aitazame flashi kabla hajamaliza fedha kwenye kamera

WAPIGA picha wengi wa harusi jijini Dar es Salaam wamekwisha kuachana na kamera za zamani zenye kioo ndani na kuhamia zile zisizo na kioo. Uhamaji huo una gharama. Mtu anauza vifaa vyake vya awali, anakopa Saccos au kwenye kikundi cha Vicoba, anaongeza akiba yake kidogo, kisha ananunua kamera na lenzi. Fedha ikiisha ndipo anapokumbuka kuwa hana flashi, na hapo huteremka Kariakoo kutafuta chochote kinachowaka.

Mpangilio huo wa matumizi ni kosa la biashara, na linawagharimu vijana wengi wanaojiajiri katika kazi hii.

Wapo wauzaji wanaomwambia mteja kuwa kamera za siku hizi zinaona gizani, kwa hiyo flashi ni anasa. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kamera hizo hupiga katika mwanga hafifu, lakini kumbi za harusi zina taa za zambarau, kijani na nyekundu zinazozunguka juu ya meza ya maharusi. Uso wa bibi harusi unatoka wa buluu na shela lake linatoka la waridi, na hakuna programu ya kompyuta itakayorekebisha picha 900 za namna hiyo kwa malipo ya kazi moja. Flashi ndiyo inayorudisha rangi ya ngozi mahali pake.

Jambo la kwanza la kutazama ni mahali flashi inapochomekwa juu ya kamera. Kila kampuni ina mpangilio wake wa vidoti vya umeme. Ndiyo maana Godox ya China huweka herufi mwishoni mwa jina la flashi zake: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm. Anayechukua yenye herufi ya kampuni nyingine kwa sababu imepunguzwa bei huenda ikamuwakia, lakini haitawasiliana na kamera, na kazi yote ya kupima mwanga atabaki nayo yeye. Hata ndani ya kampuni moja mambo hubadilika. Canon EOS R50 iliyotoka mwaka 2023 haipokei flashi za Canon za miaka ya nyuma bila kifaa cha kati kiitwacho AD-E1. Mtu aliyehesabu kuwa atatumia flashi yake ya zamani hukuta ana gharama nyingine.

Aidha, flashi za mitumba za enzi za filamu ziachwe kabisa. Baadhi yake, zikiwamo Vivitar 283 za mwanzo, hupeleka zaidi ya volti 200 kwenye kidoti cha kuwashia. Kamera za filamu zilistahimili hilo. Kamera ya leo inaweza kuungua siku hiyo hiyo.

Kuna na hili ambalo wauza maduka hawalitaji. Flashi zilizotengenezwa kwa kamera za zamani hutupa mistari myekundu gizani ili kamera iweze kulenga. Kamera nyingi zisizo na kioo hazitumii mistari hiyo kwa kuwa hulenga kwa kutumia kihisi chenyewe cha picha. Katika ukumbi uliozimwa taa maharusi wakiingia, flashi inawaka vizuri na picha inatoka haijalengwa. Yenye taa ndogo ya LED inayoweza kuwashwa kabla ya kupiga humsaidia zaidi mpiga picha, ingawa si kila bwana harusi atafurahia kumulikwa.

Kuhusu nguvu, namba 60 iliyoandikwa kwenye boksi isimzuzue mtu. Mara nyingi namba hiyo imepimwa flashi ikiwa imekazwa kwa lenzi ya milimita 200. Anayepiga kamati nzima ya harusi kwa lenzi ya milimita 35 au 24 anapata karibu nusu yake. Akielekeza mwanga juu darini ili ushuke kwa upole, anapoteza zaidi. Na dari zenyewe za kumbi zetu zimefunikwa vitambaa vya rangi, kwa hiyo mwanga unaorudi nao huwa na rangi ya kitambaa. Chini ya turubai la uani, Mbagala au Tabata, hakuna dari nyeupe ya kutegemea. Hapo nguvu ya ziada ina thamani.

Lakini penye uamuzi hasa ni betri. Harusi haisubiri. Pete, kifungua shampeni na kulishana keki ni mambo ya sekunde chache, na MC hatarudisha keki ili ikatwe upya kwa sababu flashi ilikuwa inajichaji. Kwa hesabu za mtengenezaji, Godox TT685II yenye betri ndogo nne za AA hupiga kama mara 230 kwa nguvu zote na huchukua hadi sekunde 2.6 kujiandaa tena. V860III na V1 zenye betri moja ya lithiamu hupiga kama mara 480 na hujiandaa kwa sekunde 1.5. Tofauti hiyo ya sekunde moja ni ndogo kwenye karatasi. Ukumbini ni tofauti ya kuwa na picha au kutokuwa nayo, hasa saa tano usiku betri zilipokwisha kuchoka.

Hata hivyo, asilaumiwe anayechagua AA. Betri ya lithiamu ni ya aina yake, na ikivimba au kufa kule Songea au Kibondo hakuna duka la jirani litakalomwokoa. Betri za AA zipo kila mahali, japo zile za kutumia na kutupa hujiandaa polepole na kumaliza faida ya kazi. Anayezunguka mikoani anunue seti tatu za AA za kuchaji. Anayefanya kazi za mjini kila Jumamosi achukue lithiamu na betri ya pili ya akiba.

Vipi kuhusu flashi za kampuni zenyewe? Ni nzuri na hazigombani na kamera. Lakini bei ya moja mara nyingi hutosha kununua mbili za kati kutoka kampuni nyingine. Kwa mfanyabiashara mdogo, mbili zina faida kubwa kuliko moja yenye jina. Moja ikigoma katikati ya shughuli, ya pili ipo begini. Zote zikiwa nzima, moja huwekwa pembeni mwa ukumbi na kuwashwa kwa redio kutoka kwenye kamera, na picha huanza kufanana na zile anazotozwa mteja fedha nyingi. Sharti ni kuwa ziwe za mfumo mmoja wa redio.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kupiga mara 20 mfululizo kwa nguvu zote pale pale dukani, akihesabu sekunde. Flashi ya kweli itapunguza kasi ikipata joto ili kujilinda, na hilo si ubovu. Inayotoa harufu au kuruka mara mbili tatu airudishe. Risiti iandikwe namba ya kifaa, maana aliyeletewa na ndugu kutoka Dubai hana pa kudai dhamana Dar es Salaam.

Zipo pia flashi zinazorudishwa dukani zikiwa nzima. Kamera nyingi zisizo na kioo hazirushi flashi zikiwa zimewekwa kwenye kupiga kimya kimya, na mmiliki hudhani ameuziwa feki. Wengine huona kioo cha kutazamia kimekuwa cheusi baada ya kuweka mipangilio ya mkono, wakaongeza mwanga wa kamera hadi picha ikaungua. Kamera huwa inaonyesha ukumbi ulivyo bila flashi. Kuna mahali kwenye menyu pa kuzima maonyesho hayo, na muuzaji anayejua kazi yake humwonyesha mteja kabla hajafunga boksi.