Eafraya ni msaidizi, mpishi ni wewe



Siku hizi kila harusi ninayokwenda, kwenye zawadi za biharusi halikosi boksi la eafraya. Na fungate likishamalizika tu, naanza kupokea maswali: "Dada, kuku dakika ngapi? Sambusa nyuzi ngapi? Mbona chipsi zangu zimekuwa kama mpira?" Leo nitazijibu dakika na nyuzi hizo, msijali. Lakini kwanza nina la moyoni, na najua wapo watakaonibishia.

Naona zile karatasi za dakika na nyuzi tunazozibandika kwenye mlango wa friji zinatuharibia mabiharusi wetu. Zenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba tunaziamini kuliko macho yetu, pua zetu na mama zetu.

Nawaambia haya kwa sababu yamenikuta.

Ilikuwa Ramadhani yangu ya kwanza kwenye ndoa. Nilialika wakwe kufuturu, na nikataka waone mkwe wao anajua mambo. Karatasi iliyokuja na mashine ilisema mapaja ya kuku, nyuzi 200, dakika 20. Nikayatia viungo: thomu, tangawizi, ndimu, bizari, nikayapanga ndani mpaka yakagusana mabega. Dakika 20 zikalia. Nikafungua, mashaallah, rangi ya dhahabu. Nikajisifu mwenyewe.

Baba mkwe alipopasua paja lake, karibu na mfupa palikuwa pekundu. Hakusema kitu. Alilisogeza pembeni ya sahani kwa adabu, akaomba muhogo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama mkwe alinifuata jikoni. Akawasha gesi, akatia yale mapaja kwenye sufuria na tui la nazi, na baada ya nusu saa tukawa na kuku wa paka. Aliponiona machozi yananilengalenga, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo karatasi imemuona kuku wako?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo.

Karatasi haikumuona kuku wangu. Aliyeiandika alikuwa na paja dogo lililotoka kwenye friji, mawili au matatu kwenye kikapu kikubwa. Mimi nilikuwa na mapaja makubwa ya kugandishwa, nje yameyeyuka lakini karibu na mfupa bado barafu, tena manane kwenye kikapu cha watu wawili. Dakika zake hazikuwa uongo. Zilikuwa za kuku mwengine.

Mashine hii inafanya nini hasa

Jina la eafraya linatudanganya. Haikaangi. Ni oveni ndogo yenye waya wa moto juu na feni inayozungusha hewa kwa kasi. Kampuni ya Philips ndiyo iliyoipa umaarufu ilipoiingiza sokoni mwaka 2010, lakini kazi yake ni ile ile ya kuoka. Hewa ya moto ikipita pande zote za chakula, inakausha ngozi ya juu na kuipa rangi. Ndiyo maana inakuwa kavu na inalia mdomoni kama iliyokaangwa.

Ukishalijua hilo, unajua na makosa. Ukijaza kikapu, hewa haipiti, na chakula kinatokota kwa mvuke wake wenyewe. Ukitia chakula kibichi maji, joto linaishia kukausha maji. Na ukitia kitu chenye rojorojo, feni inakirusha na kilichobaki kinavuja chini.

Kuna na mtego wa nyuzi. Video nyingi tunazotazama ni za Marekani, na wao wanahesabu kwa Farenhaiti. Ukisikia "400", usiitafute kwenye mashine yako. Hiyo ni nyuzi 200 zetu za Selsiasi. Ukisikia "350", weka 180. Na kama una pishi la oveni unalolipenda, punguza nyuzi 20 na muda upunguze kiasi cha sehemu moja ya tano, kisha anza kuchungulia.

Haya sasa, dakika zenu

Hizi ninazitumia mimi nyumbani. Mashine iwe imepata moto dakika 3 kabla, chakula kiwe safu moja, na nusu ya muda ukigeuze.

- Sambusa mbichi za manda: nyuzi 180, dakika 8 hadi 10. Zipake mafuta kidogo kwa brashi, la sivyo manda inakauka kama karatasi.
- Sambusa kutoka friza: nyuzi 180, dakika 12 hadi 14. Usiziyeyushe, zitalowa.
- Katlesi: nyuzi 190, dakika 10 hadi 12.
- Chipsi za mbatata mbichi: roweka kwenye maji nusu saa, zikaushe kwa kitambaa, tia kijiko kidogo cha mafuta, nyuzi 190, dakika 20 hadi 25. Zitikise kila baada ya dakika 7.
- Muhogo: uchemshe kwanza mpaka uive, kisha nyuzi 200, dakika 12 hadi 15.
- Ndizi mbivu: nyuzi 180, dakika 10 hadi 12.
- Mshikaki wa ng'ombe, vipande vidogo: nyuzi 200, dakika 10 hadi 12.
- Samaki mzima wa sahani, kama changu: nyuzi 200, dakika 12 hadi 15. Mchanje ubavuni ili viungo na joto viingie.
- Mapaja ya kuku yaliyoyeyuka vizuri: nyuzi 190, dakika 25 hadi 30.
- Kuku mzima wa kilo moja na robo: nyuzi 180, dakika 50 hadi 60, kifua kikianza kuelekea chini.

Sasa chukueni kalamu, na juu ya orodha hiyo andikeni: *kisha nitazame*.

 Kuku hana mzaha. Nyama ya kuku ambayo haijaiva inabeba vijidudu vinavyoharisha na kutapisha, na kwa mjamzito, mtoto mdogo au mzee, hilo si jambo dogo. Kuku awe amefika nyuzi 74 ndani kabisa, pale panapokuwa pene zaidi. Nyama ya kusaga, kama kababu, ifike 71. Kipimajoto cha chakula si ghali ukilinganisha na mashine yenyewe, na kama ningekuwa na la kusema kwenye zawadi za harusi, ningesema anayenunua eafraya aambatanishe na hicho. Kama huna, choma kisu mpaka kwenye mfupa: maji yatoke meupe, na nyama iachie mfupa bila kuvutana. Ukiwa na shaka, irudishe dakika 5. Hakuna mgeni aliyewahi kudhurika kwa kusubiri dakika 5.

Upande wa pili, msiunguze. Vyakula vya wanga kama mbatata na mkate vikipikwa kwa moto mkali mpaka vikawa kahawia iliyoiva, vinazalisha kemikali iitwayo akrilamaidi. Watafiti wa Sweden waliigundua kwenye vyakula mwaka 2002, na tangu hapo wataalamu wanashauri tusimame kwenye rangi ya dhahabu. Kule kuroweka mbatata nako kunasaidia kuipunguza.

Visivyoingia

Kachori na bajia zenu ziacheni kwenye karai. Kitu chochote cha kuchovya kwenye unga wa majimaji hakikai humo. Vitumbua ndio kabisa. Mandazi yanaiva, lakini yanakuwa mkate mtamu, si mandazi. Msimlaumu mashine, wala msijilaumu. Mashine moja haikuumbwa kuwa jiko zima.

"Ni ya wavivu"

Wapo wanaosema eafraya inawafanya mabiharusi wavivu. Hapo nakataa.

Mwanamke anayesimama mbele ya karai la mafuta tangu baada ya Alasiri mpaka adhana, jasho linamtiririka, dhikri imemponyoka, Kurani hajaifungua, halafu Magharibi anaiswali akiwa hoi: hakuna popote tulipoambiwa kuwa huko ndiko kuwa mke mwema. Kuhudumia familia kwa nia njema ni ibada, alhamdulillah. Na kumpunguzia mke mzigo nako ni wema, na tunajua kutoka kwa Bi Aisha (radhiyallahu anha) kuwa Mtume (swallallahu alayhi wasallam) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake.

Nakupeni siri yangu ya futari. Sunna ni kuharakisha kufungua, na tunafungua kwa tende na maji. Sambusa hailazimiki kuwa mezani sekunde ile ya adhana. Mimi nazipanga mapema, adhana ikiadhiniwa nabonyeza, tunakula tende, tunaswali Magharibi kwa utulivu. Tukitoa salamu, mashine imeshajizima na sambusa ni za moto. Zile dakika 10 zilikuwa za karai, sasa ni za swala. Huo ni uvivu?

Sambusa ya mama mkwe

Lakini kilichonibadilisha hasa ni kitu chengine. Mama mkwe daktari alishamkataza vya kukaangwa, mafuta yamezidi kwenye damu. Ramadhani mbili alikuwa akitukaangia sisi, kisha anakaa pembeni na uji wake. Sisi tunakula, tunasifu, hata hatumtazami. Nilikuja kuliona hilo baada ya ile futari ya aibu, nilipoanza kumtazama mtu badala ya karatasi.

Nikajaribu sambusa mara tatu mpaka nikaipatia. Siku nilipomwekea mbili kwenye kisahani chake, nyama isiyo na mafuta na chumvi kidogo, aliziangalia kwanza. Akauma. Ikalia. Hakunisifu, si kawaida yake. Akasema tu, "Kesho tia pilipili." Nikajua nimesamehewa kuku.

Hapo tuwe wakweli: mashine inaondoa mafuta ya kukaangia, haiondoi chumvi wala sukari wala shahamu iliyomo ndani ya nyama. Na kula sambusa 10 kwa sababu "hazina mafuta" bado ni israfu, na israfu katika kula na kunywa tumekatazwa wazi kwenye Suratul A'raf, aya ya 31.

Kwa biharusi mtarajiwa

Maneno yangu ya mwisho ni kwako. Usiifanye eafraya kuwa sharti. Nimesikia posa zikiingia maneno kwa sababu ya orodha ya vyombo, na kijana wa watu bado anatafuta kodi ya nyumba. Mke hapungui thamani kwa kupikia kikaango cha chuma. Ukiletewa, sema alhamdulillah. Usipoletewa, sema alhamdulillah.

Ukiletewa na ndugu kutoka nje, kabla ya kuichomeka soma nyuma yake. Za Oman na Dubai zinakubaliana na umeme wetu. Ya Marekani iliyoandikwa volti 120 ukiichomeka hapa bila kibadilishaji, umeiua siku hiyo hiyo. Ichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa nyongeza pamoja na pasi na birika la umeme, na iachie nafasi nyuma ipumue. Kuhusu matumizi, mashine ya wati 1500 ikifanya kazi dakika 20 inakula nusu yuniti. Piga hesabu na tukuza yako, si na maneno ya jirani.

Na siku mama mkwe wako akisogea jikoni na kukuuliza kwa nini unaitazama saa badala ya chakula, usinune. Mpe kisu akichome kuku pamoja nawe. Mashine utaijua ndani ya wiki mbili. Yeye ana miaka 40 ya kujua harufu ya kitu kilichoiva, na elimu hiyo haikuja kwenye boksi.

Allah azitie baraka riziki zetu na mikono yetu, azijaze nyumba za mabiharusi wetu mapenzi na huruma, na atutakabalie funga na swala zetu. Aamin.