Karatasi Inayobaki Nyumbani



Likizo za shule zikaribiapo, si ajabu siku hizi kusikia kwamba vijana wa mtaa fulani, au familia nzima, wamekodi basi kwenda kulala katika mahema: Shimba Hills, milima ya Taita, Longonot, na wengine hata Mlima Kenya. Ni safari njema. Mtoto anayeamka asubuhi katikati ya milima huuona uumbaji wa Mola kwa jicho jipya. Juma hili, hata hivyo, tungependa kuanza na yule asiyekwenda: mama, baba au nyanya anayebaki nyumbani. Yeye naye ana sehemu yake katika safari hiyo, na sehemu hiyo yaweza kuokoa roho.

Wazee wetu wa pwani hawakutweka tanga kimyakimya. Ilijulikana ni jahazi gani, limechukua nani, linakwenda bandari ipi na linatarajiwa lini. Likichelewa, watu walijua pa kuanzia kuuliza. Bahari tumeizoea, na kwa kuizoea tumejifunza kuiheshimu. Mlima wengi wetu hatujauzoea, na kwa hiyo wastahili tahadhari kubwa zaidi.

Kabla ya msafara kuondoka, basi, mzazi adai karatasi moja. Iandikwe majina ya wote wanaokwenda na umri wao. Njia watakayopita, lango watakaloingilia na watakalotokea. Nambari za simu za dereva, za kiongozi wa njia na za lango lenyewe. Na maradhi ya kila mmoja, kama pumu, kisukari au kifafa, pamoja na dawa anazotumia. Kisha iandikwe saa ya kurudi na, jambo linalosahauliwa sana, saa ya kuanza kuuliza. Wakisema watakuwa langoni saa kumi alasiri, mkubaliane kwamba ikifika saa kumi na mbili bila habari, mwenye karatasi atapiga simu langoni, kisha 999 au 112. Pasipo saa hiyo, mtu hujiliwaza kwamba huenda simu imezimika, akaja kushtuka usiku wa manane. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, kiza huingia upesi mara baada ya magharibi, na kumtafuta mtu milimani gizani ni kazi nzito.

Sasa tuwageukie wasafiri wenyewe.

La kwanza ni maji yanayokuja bila kualikwa. Katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, furiko la ghafla liliwachukua vijana wa kundi la kanisa mwezi wa Aprili 2012. Mwezi wa Septemba 2019 furiko jingine likaua watu 7 mahali hapo hapo, miongoni mwao kiongozi wa njia. Korongo ni nyembamba na kuta zake zimesimama wima. Mvua ikinyesha upande wa juu, maji hushuka kwa kasi hata kama juu ya kichwa chako pana jua. Kwa hiyo ulizeni habari za mvua kabla ya kuingia, na mawingu yakijikusanya upande wa juu, msiingie. Wala hema lisisimamishwe ndani ya mkondo wa mto mkavu, hata mchanga wake uwe laini namna gani.

La pili ni baridi na kimo. Kilele cha Lenana kwenye Mlima Kenya kina urefu wa mita 4,985. Kwa kadiri, joto hupungua nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 upandazo. Hesabu mwenyewe tofauti yake na Mombasa. Nguo ya pamba ikilowa haikauki upesi, nayo huunyang'anya mwili joto. Bora sweta la sufu, koti la mvua na soksi za akiba. Anayepanda aumwe na kichwa na kuona kichefuchefu asiendelee juu. Akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kupumua kwa shida hali amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

La tatu ni moto. Baridi ikizidi, mtu hushawishika kuingiza seredani ndani ya hema. Jambo hili ni la hatari kubwa. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na walalao huenda wasiamke. Seredani ibaki nje, nayo mitandio na mabuibui mapana yakazwe vyema karibu na moto. Nguo nyingi za siku hizi hushika moto upesi na kugandia ngozini.

La nne ni nyoka. Viatu viwe vya kufunika vifundo, vikung'utwe kila asubuhi, na usiku pasitembewe bila tochi. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kukaza. Avuliwe pete na bangili, kiungo kitulizwe kisichezechezwe, apelekwe hospitali pasipo kukawia.

Maji ya kunywa yahesabiwe kabla ya yote. Mwenye maji machache anayoyahitaji kwa kunywa ameruhusiwa kutayamamu, basi asijitie kiu kwa kudhani kwamba ndiyo taqwa. Na wafundisheni watoto kwamba kibla chetu hapa Kenya ki upande wa kaskazini: mwenye dira ya kuswalia anayo pia dira ya njia. Kila mtoto avae filimbi shingoni. Akipotea, akae alipo, apige mara tatu, apumzike, arudie. Mfukoni mwake pasikosekane tende na kashata.

Limebaki moja, nalo halitiwi mkobani. Misiba mingi huja pale mtu alipojua kwamba imempasa kurudi, naye akaona haya. Nauli imekwisha lipwa, wenzake wako mbele, na nyumbani wanangoja picha ya kileleni. Ewe mzazi, mwambie mwanao kabla hajapanda basi: "Ukirudi bila kufika juu, nitakupokea kwa furaha ile ile." Mwambie mbele ya wenzake, na mbele ya kiongozi wao. Maneno hayo machache humpa kijana ruhusa ya kusema "nimechoka" au "naumwa" wakati kusema kungali kunafaa. Mlima hautahama, mwakani utakuwa pale pale.

Kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kujihadhari. Jazeni karatasi, wekeni saa, kisha msomeeni msafiri dua ya safari na mumwachie Mwenyezi Mungu yaliyobaki. Atujaalie watoto wetu waende salama na warejee salama. Amin.