Komisyo si mshahara: kabla ndugu yetu hajaacha kazi akauze bima ya farasi

Na mwandishi wetu, Goma

Leo nazungumzia kazi inayoonekana kuwa mbali sana na sisi: kuuza bima ya farasi. Bima ndiyo ile ambayo wengi kwetu tunaita asiransi. Mtaniuliza farasi wana nini na Kivu. Jibu ni kwamba familia nyingi za huku zina mtoto, kaka au shangazi katika muji wa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Wakongomani wengi walipelekwa huko wakitoka kambi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania, na leo Kiswahili kinasikika katika makanisa na masoko ya Lexington. Tena Lexington ni muji wa farasi. Kuna mashamba mamia yanayouzunguka, na kazi nyingi za pale zinafuata mnyama huyo.

Basi kijana akiandika kwamba anataka kuacha kazi ya gala au ya kiwanda ili awe wakala wa bima ya farasi, alipwe kwa komisyo peke yake, jambo hilo halimhusu yeye tu. Linagusa sufuria ya mama aliyekimbia Masisi au Rutshuru, ambaye kodi ya nyumba na karo ya watoto vinatoka kwenye mshahara wa yule kijana. Tangu Januari 2025, benki za Goma zilipofunga milango, pesa ya simu kutoka ng'ambo imekuwa uti wa mgongo wa nyumba nyingi.

Maoni yangu ni haya: kazi hiyo ni halali na ina heshima yake. Lakini komisyo bila mshahara ni kazi ya mtu mwenye akiba. Mtu mwenye deni, na mwenye watu wanaomngoja mwisho wa mwezi, asiingie humo kwa miguu miwili.

Tuanze na kazi yenyewe. Farasi wa mbio anaweza kuuzwa bei ya nyumba nzima, na wengine bei ya nyumba kumi. Katika mnada wa Keeneland, pale pale Lexington, nyundo ya mnadishaji ikigonga, farasi ni wa mnunuzi, na hasara ni yake hata mnyama akivunjika mguu muda mfupi baadaye. Farasi ni mnyama mkubwa lakini mwepesi wa kufa. Hawezi kutapika, kwa hiyo tumbo likimsokota anaweza kuhitaji upasuaji siku hiyo hiyo, na upasuaji huo ni maelfu ya dola. Ndiyo maana mwenye farasi anakata bima ya kifo na wizi, na mara nyingi anaongeza bima ya matibabu. Mfugaji wa Masisi ataelewa hofu hiyo bila kufundishwa.

Sasa tuhesabu. Bima ya kifo cha farasi mara nyingi hugharimu kama asilimia 3 au 4 ya thamani yake kwa mwaka. Tuchukue farasi wa dola 10.000 na ada ya asilimia 3,5. Mwenye farasi analipa dola 350. Tuseme kampuni ya bima inaiachia ofisi ya mawakala asilimia 15 ya ada hiyo, yaani dola 52 na nusu, na ofisi inagawana nusu kwa nusu na wakala aliyeleta mteja. Ndugu yetu anabaki na dola 26 na senti kidogo, na hizo ni kwa mwaka mzima.

Ili apate dola 2.000 kwa mwezi kwa njia hiyo, anapaswa kuandikisha farasi wapya karibu 77 kila mwezi. Ni nani, aliyefika Kentucky juzi, anayejua watu 77 wenye farasi?

Mtu atasema: auze bima ya farasi wa bei kubwa. Ni kweli, farasi wa dola 100.000, kwa hesabu ile ile, anamwachia wakala dola 262 na nusu, na wanane tu kwa mwezi wanatosha. Lakini mwenye farasi kama huyo ana wakala wake tangu zamani. Pengine ni mtu aliyesoma naye, au anayekaa naye jukwaani kila mwaka mbio kubwa za Kentucky zinapofanyika, mbio ambazo zimeendelea tangu 1875. Mlango huo haufunguliwi na bidii peke yake. Unafunguliwa na miaka.

Hapa ndipo penye siri ya komisyo. Mkataba wa bima ya farasi kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, na mteja akiurudisha upya, wakala anapata tena sehemu yake. Kwa hiyo wakala wa zamani anakula matunda ya miti aliyopanda miaka mitano iliyopita, na wakala mpya bado anachimba mashimo. Mwaka wa kwanza ni wa njaa, wa pili ni wa kuvumilia, na faida inaonekana baadaye. Mwenye akiba, au mwenye mke au mume anayelipwa mshahara, anaweza kungoja. Asiye na akiba anafanya kazi bure kwa ajili ya ofisi, halafu anaondoka, na wateja aliowaleta wanabaki pale.

Tusidanganyike kwa kulinganisha na kazi tunayoijua. Vijana wa kabini wanaotoa na kutuma pesa ya simu pale Birere au Katindo nao wanaishi kwa komisyo. Lakini mteja wa kabini anarudi leo, kesho na kesho kutwa, na komisyo yake, hata ikiwa ndogo, inaonekana jioni. Mteja wa bima ya farasi anarudi baada ya miezi kumi na miwili.

Kuna na gharama ambazo tangazo la kazi halizitaji. Nchini Marekani mtu haruhusiwi kuuza bima bila leseni ya jimbo. Lazima asome, alipe, na afanye mtihani. Wakala wa komisyo mara nyingi hahesabiwi kuwa mfanyakazi wa kampuni, anahesabiwa kuwa mtu anayejitegemea. Maana yake hana likizo ya kulipwa, na akiugua hakuna anayemlipa. Kodi ya pensheni na matibabu ya uzeeni, ambayo mfanyakazi wa kawaida anagawana na mwajiri, yeye anailipa yote peke yake, asilimia 15,3. Mashamba yako nje ya muji, basi haifiki, kwa hiyo gari na mafuta ni juu yake. Na mteja akivunja mkataba katikati ya mwaka, ofisi inaweza kudai sehemu ya komisyo irudishwe, hata kama imekwisha kununuliwa unga.

Tukumbuke pia kwamba mkimbizi aliyepokelewa Marekani kwa kawaida anafika na deni la tiketi ya ndege, ambalo analilipa kidogo kidogo kila mwezi. Deni hilo halingoji farasi wauzwe.

Lakini kinachonisumbua zaidi si njaa ya mwaka wa kwanza. Ni kile ambacho njaa hiyo inaufanyia mdomo wa mtu. Wakala wa komisyo analipwa mteja akisema ndiyo, na mteja akisema hapana hapati kitu. Sasa, mkataba wa bima una kurasa mbili muhimu: ukurasa wa kile kinacholipwa, na ukurasa wa kile kisicholipwa. Wa kwanza unauza. Wa pili unafukuza mteja. Mtu ambaye kodi ya nyumba imemfikia shingoni atasoma ukurasa gani kwa sauti kubwa?

Katika bima ya farasi ukurasa wa pili ni mrefu. Ugonjwa aliokuwa nao mnyama kabla ya mkataba kwa kawaida haulipwi. Mwenye farasi asipotoa habari mara moja mnyama anapougua, anaweza kukataliwa malipo. Akimwua mnyama anayeteseka bila kuuliza kampuni kwanza, anaweza pia kukataliwa, isipokuwa daktari ashuhudie kwamba haikuwezekana kungoja. Kampuni zina sababu zao za kuwa na macho makali. Mwaka 1990, kwenye shamba la Calumet hapo Lexington, farasi maarufu Alydar alivunjika mguu usiku ndani ya banda lake na ikabidi auawe. Alikuwa na bima ya zaidi ya dola milioni 36, shamba lilikuwa limezama katika madeni, na maswali juu ya kifo chake hayakuisha.

Basi siku farasi anapokufa na kampuni inakataa kulipa, mwenye farasi hamtafuti mkurugenzi wa kampuni. Anamtafuta yule aliyekuja nyumbani kwake, akanywa maji yake na kumwambia asiwe na wasiwasi. Mtu aliyekimbia vita ameacha shamba, nyumba na mifugo. Alichobeba ni jina lake. Akiliuza jina hilo kwa dola 26, atanunua na nini jingine?

Najua kuna watakaonipinga. Watasema ninawafungia vijana njia, na kwamba hakuna aliyetajirika kwa kupanga makaratoni gala usiku. Watasema watu wa Masisi na wa Minembwe wana jicho la mnyama, wanajua ng'ombe anayeumwa kabla hajalala chini, na jicho hilo ni mali ambayo Wamarekani wengi wa muji hawana. Hoja hiyo ni nzuri na siikatai. Ng'ombe si farasi, lakini mtu aliyelala zizini anajifunza farasi haraka kuliko aliyekulia kwenye lifti.

Jibu langu ni kwamba mlango si mmoja. Mashamba yanaajiri watu wa kutunza farasi kwa mshahara. Ofisi za bima nazo zinaajiri watu wa kuandika mikataba na kupokea simu za wateja, kwa mshahara. Kijana aingie kwa mlango huo, ajue majina ya wenye mashamba, ajue Kiingereza cha mikataba, afanye mtihani wa leseni huku anakula. Baada ya hapo, wateja wakianza kumwita kwa jina, achukue komisyo juu ya mshahara. Komisyo ikiwa mboga, mshahara ndio ugali. Ugali bila mboga unakulika, hata kama haufurahishi. Mboga bila ugali haishibishi nyumba.

Na kama tayari kuna ofisi inayomwita, aulize maswali haya kabla ya kutia sahihi:

1. Kuna mshahara wowote wa mwanzo, au ni komisyo tu tangu siku ya kwanza?
2. Mkataba ukirudishwa mwaka wa pili, mimi napata ngapi?
3. Nikiondoka, wateja niliowaleta ni wa nani?
4. Mteja akivunja mkataba, narudisha nini?
5. Nani analipa leseni, masomo na mafuta ya gari?
6. Ofisi inanipa orodha ya wateja wa kuanzia, au inataka niuzie ndugu zangu na watu wa kanisa langu?

Swali la sita ndilo kubwa. Kijana asiye na mwenye farasi hata mmoja anayemjua atasukumwa kuuza bima nyingine, ya maisha au ya gari, kwa watu wa kwao. Ofisi inayotegemea ndugu wa wakala haijaajiri kipaji chake, imeajiri kitabu chake cha namba za simu. Na ofisi inayoomba umlipe bosi kwanza ili upewe kazi, hiyo muiache barabarani.

Haya yanatuhusu na sisi tuliobaki. Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa na muuzaji mmoja tu wa bima, SONAS. Sheria ya Machi 2015 ilifungua soko, na leo kampuni za watu binafsi zinauza chini ya uangalizi wa ARCA. Wauzaji wataendelea kuongezeka, na wengi wao watalipwa kwa komisyo. Akija mtu kuuza bima ya mifugo, muulizeni kwanza yeye analipwaje, kisha muulizeni juu ya vita. Mikataba mingi ya bima, huku na ng'ambo, hailipi hasara iliyoletwa na vita. Kwa mfugaji wa Kivu, ambaye ng'ombe wake hawakufa kwa tumbo bali walichukuliwa na wenye bunduki, swali hilo ndilo la kwanza, na wakala mwaminifu atalijibu kabla hajaulizwa.

Kwa hiyo, mama, baba, mtoto akipiga simu kutoka Lexington na kusema amepata kazi ya bima ya farasi, msimcheke, wala msishangilie haraka. Mwulizeni kwa upole: mwanangu, wanakulipa kwa kazi au wanakulipa kwa bahati? Akiwa na jibu, na akiwa na akiba ya miezi sita, mpeni baraka. Akiwa hana, mwambieni abaki na mshahara wake kwanza, asome jioni. Mashamba ya Kentucky hayahami, na farasi watazaliwa tena mwaka ujao.