Mikate Mitano Katika Mkahawa wa Ruring'u

Baridi ya Ruring'u, kule mjini Nyeri, ni ya kutafuna mifupa, na mtu wa Pwani hana budi kujificha mkahawani. Meza ya pili walikaa mwalimu mmoja na mzee mwenye kofia ya sufu, wakibishana juu ya mikate mitano na samaki wawili ambao Injili zote nne zasema walilisha wanaume 5,000, vikabaki vikapu 12 vya makombo.

Mwalimu alishikilia kwamba hapana muujiza. Watu, asema, walikuwa na vyakula vyao wamevificha nguoni. Walipomwona mtoto akitoa chake wakaona haya, kila mmoja akatoa. Mafunzo yake ni ukarimu, basi.

Hayo si mapya. Mwanachuoni wa Kijerumani, Heinrich Paulus, alikuwa akiifafanua miujiza kwa njia hiyo hiyo, na mwaka 1828 akatoa kitabu kizima juu ya maisha ya Yesu. Yapendeza masikioni, lakini mimi siyakubali. Injili ya Yohana yasema watu wale walitaka kumkamata Isa wamfanye mfalme. Nani amtawazaye mtu kwa kuwa amewafanya watoe mikate yao wenyewe kwapani? Anayekanusha kisa na akanushe waziwazi, nitamsikiliza. Kukibakisha kisa na kumwondoa Mungu ndani yake ni kumenya chungwa, ukatunza ganda.

Nawasikia baadhi yenu, wasomaji, mkicheka: ya Manasara yatuhusuni? Polepole. Tuliokaa chuoni tumeisoma Aali Imrani, ambamo Nabii Isa (AS) ampuliza ndege wa udongo akawa hai, aponya kipofu wa kuzaliwa na mwenye mbaranga, na afufua wafu, yote kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Na Sura ya Maida imepata jina kwa meza ya chakula waliyoiomba wanafunzi wake. Mujahid na Hasan Basri walisema meza ile haikuteremka, kwani walioiomba waliliogopa sharti lake. Wafasiri wengi wakasema iliteremka. Walihitilafiana juu ya kuteremka kwake, si juu ya uwezo wa Mwenye kuiteremsha. Sisi na Wakristo twahitilafiana juu ya Isa ni nani, na hilo ni kubwa, silifichi. Kwamba alifanya maajabu, hatuna ugomvi.

Mzee alinyamaza mpaka chai ikapoa, kisha akaleta habari ya Nipepe, Msumbiji. Januari 1989, wakati wa vita, watu zaidi ya 200 walijificha kanisani wakinywa maji machache ya birika la ubatizo, huku wakimtaka Sista Irene Stefani awaombee. Huyu ni Mtaliana aliyefika Kenya 1915 na kufa Gikondi 1930. Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Wasimulizi wasema maji yaliwatosha siku zote hizo. Kanisa Katoliki liliuchunguza ushahidi wao, na tarehe 23 Mei 2015 akatangazwa mwenye heri, huko huko Nyeri.

"Haya, mwalimu," akauliza mzee, "na wale nao walikuwa wameficha maji nguoni?"

Mwalimu akacheka, akanigeukia mimi mwenye kofia ya vito. Kwetu nabii ana muujiza na walii ana karama, na ya Nipepe sikuwa na haki ya kuyahukumu. Nikawasimulia maji ya Hudaibiya, yaliyobubujika baina ya vidole vya Mtume (SAW) wakanywa watu 1,500 kwa riwaya ya Jabir. Kisha nikaagiza chai ya watu watatu.