Nguvu Kagera zipo, shida ni kukanyaga

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alibeba taji la wanaume baada ya kilomita zaidi ya 267 za kupanda na kushuka. Waliomaliza ni 30 tu. Na hayo yote yalikuwa kwa majirani, ukivuka mpaka wa Kagera tu.

Kwa nini basi kijana wa Ngenge, Muleba, anayepandisha mikungu ya ndizi kwenye keria, asiwemo? Wengi watasema baiskeli za mashindano ni bei mbaya. Kweli, ila si hilo tu.

Mapafu anayo, mapaja anayo. Tatizo anakanyaga kama anatwanga: mguu mmoja unashuka kwa kishindo, mwingine umelala juu ya pedeli, unageuka mzigo kwa mwenzake. Wanaolipwa kwa kazi hiyo huzungusha mara 90 hivi kwa dakika, gia nyepesi, bila kushtuka.

Wazungu huyafanyia mazoezi hayo ndani ya nyumba, kwenye rola. Ni mapipa membamba matatu yanayozunguka kwenye fremu: mawili chini ya tairi la nyuma, moja chini ya la mbele, mkanda ukiyaunganisha. Baiskeli haifungwi popote. Ukikanyaga kwa kushtuka inayumba, ukizubaa uko chini. Ndiyo maana anayeanza huiweka mlangoni, apate pa kushika. Kwa mtu wa soka hiyo ni danadana: haifungi bao, lakini asiyeiweza utamjua mpira ukimgusa tu.

Fundi mzuri wa kuchomelea, akiwa na mabomba yaliyonyooka na beringi, anaweza kuitengeneza. Na dakika 20 za rola jioni hazimlazimishi kijana kugombania lami na malori gizani.

Ila wasidanganywe, rola haina mlima. Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu na jezi ya kijani Tour de France 2024, anatoka Eritrea, ambako mbio za baiskeli zina mizizi tangu enzi za Waitalia. Kule kijana anakua akishindana. Soka lina ratiba ya ligi hadi wilayani. Baiskeli nayo inadai yake, hata mbio moja kwa mwezi, Bukoba hadi Muleba.