Masanduku ya Umeme Mitaani Mwetu

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Milango yake ya nakshi yasifiwa kote. Kando yake masanduku ya umeme na nyaya vyaharibu kuta.

Asiseme mtu hapana dawa. Mjini Toronto, Kanada, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 vituo vya umeme vya mitaani vilijengwa kwa sura ya nyumba, hata mpita njia asivitambue.

Sisi tunao maseremala wa nakshi: wapewe kazi ya kuyasitiri. Lakini sanduku bovu litengenezwe kwanza, na alama ya hatari ibaki wazi. Pambo juu ya umeme unaovuja ni uzuri wa mkakasi, na wachezao hapo ni watoto wetu.